Begi la Hewa Halifungiwi

Akinyi mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi ya leo tumekunywa chai meza moja na nimekuona ukimaliza mkate wangu. Ninaandika saa nane na robo mchana. Wewe uko kwa msusi Kibuye, mama yako anapiga pasi sare zako kwa mara ya pili kana kwamba za kwanza hazikusikia moto. Kesho ukipanda gari la kwenda Port Victoria, barua hii itakuwa ndani ya sanduku lako, kati ya viatu vyeusi na gamubuti. Usiisome njiani. Isome ukiwa umeketi mahali ambapo hakuna mtu wa kukuuliza una nini.

Habari za neti, maji ya kuchemsha na wanaume wenye pikipiki mpya umeshaambiwa na mama yako, na zaidi ya mara moja. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na ningekuwa mtu jasiri ningekuwa nimekwambia zamani.

Jumapili ile ya kabla ya hii, watu wa kanisa walipokuja kukuombea, baba yako mdogo alikuuliza mbele ya wote, "Sasa nyar Kisumu, binti wetu wa mjini, wewe sista mpya wa hospitali, hivyo vitu vya serikali utaviweza? Huko watu wanaiba mpaka mlango." Ukasimama na sahani yako mkononi ukajibu, "Mimi ni mtoto ya Bwana Kufuli. Nitafunga kila kitu kama Baba. Hakuna kitu itapotea kwa mkono yangu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na mimi nikapiga makofi, Akinyi. Niliiona mikono yangu ikigongana nikashindwa kuizuia. Tangu siku hiyo sina amani, kwa sababu umesema pia kwamba mkuu wa kituo unakokwenda amekupigia simu akakwambia vifaa vya kuzalishia viko chini ya kufuli, utasaini jina lako, na kikipotea kimoja ni wewe. Ulifurahi. Ulisema huyo ni mtu wa utaratibu kama Baba.

Sasa nikwambie Baba ni nani.

Unajua nilivyokuwa. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya stoo katika kituo cha afya kule ufuoni, na mpaka mwaka nitakaokueleza nilikuwa nimeifanya miaka ishirini na sita bila kupoteza hata ndoo. Kila kitu kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na kufuli. Wauguzi walinipa lile jina, nami nililipenda. Hata nyumbani nilifunga. Unakumbuka kabati la sukari. Nilifunga redio pia, nilipokwenda kazini, ili betri zisiishe. Mama yako aliwahi kuniambia, "Wuon Akinyi, siku moja utanifunga mimi usahau ufunguo." Nilicheka. Niliona ni sifa.

Ulipokuwa darasa la tatu sukari ilianza kupungua na kufuli lilikuwa zima. Nilichunguza siku nne. Kumbe ulikuwa hugusi kufuli kabisa. Ulikuwa unafungua skrubu za bawaba kwa ncha ya kisu cha mboga, unautoa mlango mzima, unalamba sukari, unaurudisha. Nilikuchapa. Katika shajara yangu ya siku ile nimeandika: "Nimemwadhibu A. kwa wizi na udanganyifu." Leo nimeusoma ukurasa huo nikaona haya. Ulikuwa mtoto wa miaka minane uliyegundua jambo ambalo baba yako alihitaji mtu mwingine afe ndipo alijue, kwamba mlango una pande mbili, na kufuli liko upande mmoja tu.

Mwaka uliofuata, ukiwa darasa la nne, kituo kililetewa mabegi mawili mapya ya hewa. Wewe umesomea mambo haya na unayajua kuliko mimi, lakini niruhusu niyaeleze nilivyoyaona mimi, mtu wa stoo. Ni mfuko wa mpira unaojaa kiganja, na mbele yake kuna kikombe laini cha kufunika mdomo na pua za mtoto aliyezaliwa asipumue. Ukibana mfuko, hewa inaingia kifuani. Hakuna mashine, hakuna stima. Niliyapokea, nikayaandika, na mkuu wetu wa kituo akaniambia, "Mzee, hizi zikae vizuri. Zile za kwanza zilipotea mask huko wodini." Nikasema, "Bwana, usiwe na wasiwasi."

Nikayaweka katika lile kabati la kijani la chuma, ndani ya chumba cha kuzalia chenyewe. Kutoka kabati hadi kitanda ni hatua tatu. Nilizipima baadaye. Nikatia kufuli, na funguo zote mbili nikakaa nazo mimi, kwa sababu hapo nyuma mtu alikuwa ametumia ule wa pili akachukua glavu bila kuandika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tarehe ninayo mbele yangu juu ya ukurasa. Wakaguzi walikuwa waje Jumatano, na mkuu, kabla hajaenda mkutanoni Kisumu, alinituma nitafute samaki wa maana wa kuwapikia wageni. Nikapanda boda nikaenda ufuoni. Nilikuwa nimesimama na mwanamke wa samaki, tunabishana.

"Hizi ngege ni za jana," nikamwambia.

"Za jana? Mzee, huyu anakuangalia na jicho. Muulize yeye mwenyewe."

Tulikuwa bado tunacheka simu ilipolia. Ilikuwa Sista Roselyne, muuguzi wetu, peke yake wodini siku hiyo kwa kuwa mwenzake alikuwa nje na kazi ya chanjo. Hakunisalimu.

"Mzee, funguo ya kabati iko wapi?"

"Niko nayo. Niko beach. Kuna nini?"

"Mtoto hapumui. Nimempangusa, nimemsugua mgongo, hapumui. Moyo inapiga. Navunja hii kabati."

Na mimi, Akinyi, baba yako, nikasema maneno haya. Sikuyaandika katika shajara lakini sijasahau hata moja. Nikasema, "Usivunje. Wakaguzi wanakuja kesho. Niko njiani."

Sina la kujitetea. Nilikuwa na akili timamu. Nilimsikia akisema hapumui. Kichwani mwangu "hapumui" lilikuwa jambo la kungojea kidogo, kama mtu aliyezimia kanisani. Nilikuwa nimepokea begi lile, nimelipatia namba, nimelifuta vumbi, na sikuwa nimemuuliza mtu yeyote hata siku moja, hiki kinatakiwa haraka kiasi gani? Nilijua kilihifadhiwaje. Sikujua kilikuwa cha nini.

Na kuna jambo jingine, hili hata Sista Roselyne halijui. Baada ya kukata simu, nilingoja samaki wafungwe kwenye gunia. Ndipo nikapanda boda.

Roselyne hakuvunja, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa vitu, na kwa sababu niliposema niko njiani aliniamini. Alimpulizia mtoto kwa mdomo wake kupitia kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, akawa anapuliza na kutazama mlango, anapuliza na kutazama mlango. Nilifika. Ufunguo ukakataa kuingia mara mbili. Akachukua begi, akabana, na kile kifua kidogo kikapanda vizuri kabisa, jinsi kilivyotakiwa kupanda tangu mwanzo. Kikapanda, kikashuka. Lakini moyo ulikuwa umenyamaza.

Alikuwa mtoto wa kiume. Mama yake unamjua. Ni Mama Beryl, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, yule aliyekuwa akikupa chapati ukitoka shule.

Jioni mkuu aliporudi alikaa na Roselyne ofisini, na kitabu cha wodi kikaandikwa kwamba mtoto alizaliwa amekufa. Roselyne alilia, lakini alitia sahihi. Mama Beryl aliambiwa mtoto alichoka tumboni. Wazee wakamzika bila jina, jinsi wanavyozikwa wale ambao hawakuuona mwanga. Mchungaji akasema Mungu amependa, na watu wote wakasema amina, na sauti yangu ilikuwemo. Jumatano wakaguzi walikula ngege. Walisifu stoo yangu. Walisema hawajaona stoo kama ile kando yote ya ziwa.

Katika shajara ya Jumanne ile niliandika mistari mitatu: "Samaki wa wageni, sita. Mtoto wa Mama B. amefariki. Mapenzi ya Mungu."

Mimi ni mtu wa kanisa na nitakufa nikiwa mtu wa kanisa. Lakini mstari ule wa tatu niliufuta kwa kalamu siku kumi na moja baadaye, na ukitazama karatasi utaona niliibonyeza kalamu mpaka ikatoboa. Sikubali. Mungu hakuwa na ufunguo wa kabati la kijani. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwangu. Ukisikia huko uendako mtu anasema Mungu amependa, kwanza mwulize kabati lilikuwa wazi? Kama lilikuwa wazi, na mikono ilifanya yote, basi mwache aseme, hata wewe useme naye. Kama lilikuwa limefungwa, usiitikie amina. Wakuite mjeuri. Nyamaza, uangalie ukuta, lakini usiitikie.

Siku hiyo ya kumi na moja nilimkuta Roselyne anakunywa chai nyuma ya jiko la kituo. Alikuwa hanisemeshi. Nikamwuliza, "Sista, mtoto kama yule ana muda gani?"

Akanitazama kwanza. "Sasa ndio unauliza?"

"Ndio nauliza."

"Dakika moja, Mzee. Dakika moja tangu atoke, uwe umeanza kumpa hewa. Wewe uliniambia uko njiani."

Nilirudi nyumbani mchana ule nikachukua bisibisi. Nikaja nikafungua skrubu za bawaba za kabati la kijani, moja baada ya nyingine, skrubu nane, nikautoa mlango mzima na kufuli lake likiwa bado limefungwa, nikaubeba mgongoni nikautupa nyuma ya tangi la maji. Ulikuwa umenifundisha wewe. Kisha nikapiga msumari ukutani juu ya meza ya mtoto nikatundika begi moja hapo, mahali ambapo mkono unalifikia bila macho.

Mkuu alipoingia alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta ng'ombe chumbani.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni begi la hewa."

"Najua ni begi! Mlango iko wapi?"

"Nyuma ya tangi."

"Unataka nifukuzwe kazi? Hii ni mali ya umma."

"Na mtoto ni mali ya nani, Bwana?"

Akaniambia nirudishe mlango kabla ya jioni. Sikurudisha. Akaniandikia barua ya kutakiwa kujieleza. Nilijieleza ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko mzuri. Tulikaa hivyo, yeye akilalamika, mimi nikikataa, mpaka akahamishwa. Aliyekuja baada yake alikuta begi ukutani akadhani ndio utaratibu wa kituo. Wala sikumsahihisha.

Lakini sikutaka kuwa tena mtu anayejua namba ya kitu bila kujua kazi yake. Nikamwomba Roselyne anifundishe. Alinifundishia kwenye mwanasesere wako, yule mwenye jicho moja uliyekuwa unamtafuta ukamsingizia mtoto wa jirani. Ni mimi niliyemchukua. Nisamehe hilo pia. "Usimpige makofi," Roselyne aliniambia, "usimning'inize miguu juu, usimmwagie maji, hayo ni mambo ya zamani. Mkaushe. Msugue mgongo. Kichwa kikae hivi, kama mtu ananusa chakula kwa jirani. Halafu hewa. Na uangalie kifua, Mzee, sio uso. Uso itakudanganya." Na mdundo wake: bana, mbili, tatu. Bana, mbili, tatu. Kila asubuhi nilipofika kazini, kabla ya kufungua stoo, niliingia mle chumbani nikaosha mikono, nikalibana begi dhidi ya kiganja kuona kama lina nguvu, nikaangalia kikombe kama hakijapasuka, nikaandika katika shajara maneno mawili: "Begi sawa." Yapo kila siku ya kazi mpaka siku niliyostaafu.

Mwaka mmoja hivi baadaye, mchana wa mvua kubwa, bati likipiga kelele hata huwezi kusikia mtu, Roselyne alitoa kichwa dirishani akaita, "Mzee! Osha mikono ukuje!" Alikuwa peke yake tena, na mama alikuwa anatoka damu. Hakuweza kuwa sehemu mbili. Mtoto alikuwa mezani, wa kike, rangi ya majivu, amelegea kama kitambaa. Roselyne alikuwa ameshamkausha, na alikuwa ameshaanza hewa. Alinikabidhi kazi kwa maneno matatu, "Shika, bana, hesabu," akageukia mama.

Kifua hakikupanda. Nilibana, hakikupanda. Nikakumbuka mtu anayenusa chakula, nikakirudisha kichwa nyuma kidogo tu, nikakaza kikombe, nikabana. Kikapanda. Sijui niliendelea muda gani. Najua nilikuwa ninahesabu kwa sauti, bana mbili tatu, na mvua inahesabu zake. Halafu yule mtoto akakunja uso kama mtu aliyeamshwa bila adabu, akatoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia.

Roselyne hakugeuka. Alisema tu, "Huyo amekasirika. Vizuri. Akasirike."

Ndiyo sababu nakwambia, Akinyi, nilikuwa mtu wa miaka arobaini na minane ambaye hajawahi kuona kazi ya kitu alichokitunza. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua na viatu vyangu vya ngozi.

Usidhani kila mara inakuwa hivyo. Kuna mwingine, miezi michache baadaye, begi likiwa ukutani, Roselyne akiwa hapo, kila kitu kikafanywa kwa wakati wake, na bado hakurudi. Huyo nilimlilia. Lakini usiku nililala. Tofauti ya hawa wawili, huyu na yule wa Mama Beryl, ndiyo yote ninayojua kuhusu dhamiri. Wewe utapoteza watoto. Nasema bila kukuficha. Hakikisha tu ni wale ambao mikono yako ilikuwa imewafikia.

Na ndiyo, begi lilipotea. Nakwambia hili kwa sababu watakwambia, na ni kweli. Asubuhi moja nilikuta msumari mtupu. Halijaonekana mpaka leo. Watu walionionya walifurahi kidogo, huwa hawawezi kuficha. Barua ya pili ya kujieleza ikaja. Lakini begi la pili nilikuwa nalo, na kabla ya saa nne asubuhi lilikuwa limening'inia kwenye msumari uleule. Katika jibu langu niliandika hivi, nainakili kutoka shajara: "Begi likipotea naweza kuandika barua hii. Mtoto akipotea, sijui nimwandikie nani." Hawakujibu.

Sasa nimebakisha jambo moja, na hili ni la wiki iliyopita. Alhamisi niliposema ninakwenda kumsalimia rafiki mgonjwa, nilikudanganya. Nilirudi kule ufuoni. Niliona siwezi kukwambia wewe kabla ya kumwambia mwenyewe.

Mama Beryl alikuwa anaanika omena juu ya nyavu. Amezeeka, lakini mdomo ni uleule. "Bwana Kufuli! Umekuja kuhesabu omena yangu?" Nikamwambia nimekuja na neno zito. Akasema, "Basi sema nikifanya kazi, jua halingoji." Nikamwambia yote. Simu. Usivunje. Gunia la samaki. Na nikamwambia kwamba kitabu kilidanganya, kwamba mtoto alipozaliwa moyo wake ulikuwa unapiga, Sista aliugusa kitovuni.

Aliacha kutandaza. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga.

"Niliona Sista anavuta hiyo kufuli," akasema. "Nilikuwa nimelala nikiangalia hiyo kabati. Nilifikiri anatafuta nguo ya kumfunika."

Nami nikachuchumaa mbele yake.

"Kwa hivyo alikuwa hai."

"Alikuwa hai, Mama."

"Saa ngapi?"

Sikuelewa. Akarudia kwa ukali, "Wewe si mtu ya kuandika? Alizaliwa saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne na dakika kumi asubuhi. Roselyne alikuwa ametazama saa ya ukutani, na mimi nilikuwa nimeandika pembeni mwa ukurasa, sijui kwa nini, labda kwa mazoea tu. Mama Beryl akahesabu kimya. Unajua sisi tunavyowaita watoto kwa saa waliyokuja.

"Jua limepanda," akasema. "Huyo ni Onyango. Miaka yote hii nimekuwa na Onyango na hakuna mtu ameniambia."

Akalia kidogo, akajifuta kwa leso. Nilidhani atanisamehe au atanilaani, nilikuwa tayari kwa yote mawili. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama akarudi kwenye omena.

"Mimi nimebeba yangu. Wewe umeniletea yako, lakini sitakubebea. Rudi nayo." Kisha akauliza, "Akinyi wako si ndio anaenda kuwa sista?"

"Jumatano."

"Mwambie yote. Na umwambie Mama Beryl amesema, akifungia mtoto ya mtu ndani ya kabati, nitapanda gari mimi mwenyewe nikuje Port Victoria na hii fimbo ya omena."

Akinyi, nimekwambia yote. Nilipofika nyumbani nilifungua shajara ya Jumanne ile, na chini ya mstari uliofutwa nikaandika: "Onyango. Alizaliwa saa nne na dakika kumi. Aliishi." Ni kitabu changu tu, hakuna ofisi inayokisoma. Lakini mahali pamoja duniani sasa pameandikwa ukweli, na hakuna atakayekuja kuufuta nikiwa hai.

Kwa hiyo lile ulilolisema Jumapili ile, lirudishe. Wewe si mtoto wa Bwana Kufuli. Wewe ni yule msichana wa darasa la tatu mwenye kisu cha mboga. Ule wizi niliokuchapa ndio ninaotaka uende nao. Ndani ya soksi zako za kijivu utakuta bisibisi. Ni ileile, mpini wake umepasuka, lakini inafanya kazi. Mkuu wako akikuletea karatasi ya kusaini, saini. Akikwambia ufunge, mwambie kwa heshima kwamba dawa na glavu utafunga, begi la hewa hufungi. Akikuandikia barua, usiogope barua. Nimeandika mbili, na mtindo wake ninaujua, nitakusaidia na ya kwako. Akikupigia kelele, mwache apige. Kelele za mtu mzima hazijawahi kumzuia mtoto kupumua.

Kesho utafika kwenye saa tisa. Utakuwa umechoka na kutakuwa na watu wa kukukaribisha. Kabla hujafungua chumba chako, kabla hujaoga, ingia wodi ya kuzalia ukatafute. Kama liko ukutani, lishike, ulibane kwenye kiganja. Kama liko kabatini, soksi za kijivu.

Halafu unipigie simu. Usiniambie umefika salama, hilo mama yako atakuuliza. Mimi niambie begi liko wapi.

Baba yako,
Wuon Akinyi